Mashine ya Mwangwi ya Fundi Meno

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ni fundi wa meno ya bandia. Mtaani wanamwita Fundi Meno, na wapo wazee wanaomheshimu kuliko daktari kwa sababu wanatafuna nyama kwa hisani yake. Kutwa nzima hukaa kwenye maabara ndogo nyuma ya hospitali, koti lake jeupe limejaa vumbi la rangi ya waridi, akisugua fizi za plastiki mpaka zing'ae. Hawezi kushika kitu kichafu. Hata akikaribishwa chai kwa watu, kijiko hukifuta kwanza kwa leso yake mwenyewe, mbele ya mwenye nyumba, na wala hajui kwamba ametukana.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa wake ni magitaa ya umeme.

Mtanisamehe kwa kuuita ugonjwa. Mimi nafanya kazi kwenye dirisha la malipo la ofisi ya maji, na mtu akishinda akisikiliza visingizio kupitia tundu la kioo, ulimi wake hupata makali hata kama alizaliwa mpole, na mimi sikuzaliwa mpole. Lakini mgekiona chumba chake mngenielewa. Walipojenga nyumba, kilikuwa chumba cha watoto. Watoto hawakujaliwa. Magitaa yakaanza kuingia moja moja, kama wageni wanaosema watalala siku mbili tu, na mwisho yakashika kuta zote. Yananing'inia shingo juu: jekundu lililopauka, jeusi lililomeguka kona, moja la rangi ya samli ambalo shemeji hulitazama kuliko anavyotazama watu. Chini zimepangwa amplifaya za kukuzia sauti, kubwa kwa ndogo. Kwenye droo za kabati, mahali pa fulana na soksi, zimelala zile pedali za kukanyaga kwa mguu za kukwaruza sauti au kuitetemesha, kila moja ndani ya soksi yake. Soksi za shemeji mwenyewe zimetoboka.

Ana namna yake ya kununua. Bendi ya hoteli ikivunjika, yeye hupata habari kabla ya wake za wanamuziki. Kanisa likileta vyombo vipya, huenda kuuliza kwa upole vile vya zamani vimewekwa wapi. Akifika hazungumzi bei. Anafungua kasha, anainama, ananusa. Kisha anaegemeza kitako cha gitaa begani na kuitazama shingo kwa jicho moja, kama seremala anayekagua ubao uliopinda. Halafu analigeuza na kukaa muda mrefu akitazama mgongo, pale palipochubuliwa na chuma cha mkanda wa mwenyewe. Atakuambia huyu alikuwa mrefu, huyu alipenda kupiga amekaa, huyu alikuwa na jasho kali. Mara nyingi mwenyewe huyo ameshazikwa, ndiyo maana gitaa linauzwa. Siku moja nilimwambia chumba chake hakina tofauti na mochari, ila maiti wake wametundikwa. Alicheka. Dada hakucheka.

Na akishakileta chombo nyumbani hakipigi, wala hakiwashi, mpaka akisafishe. Hiyo kwake ni kama kunawa kabla ya kula. Spiriti, pamba, brashi ya meno, tambara la pamba tupu. Anatoa nta ya vidole vya watu, anatoa moshi wa baa, anatoa kutu. Hata wenzake wa ugonjwa huo, na wapo wengi kuliko mnavyodhani, humtania kwamba ukimuuzia Fundi Meno gitaa, usirudi kulitafuta, hutalitambua.

Kichekesho ni kwamba hajui kupiga. Ana wimbo mmoja, aliojifunza akiwa kijana, nao hana hakika na mwisho wake. Dada alikuwa akisema nyumba yao ina magitaa chungu nzima na wimbo nusu. Alisema hivyo mbele ya wageni, naye shemeji alitabasamu kwa fahari, kana kwamba amesifiwa.

Kuna jambo wasiokaa na magitaa hawalijui. Nyuzi zikishakazwa hazilali. Ukiongea chumbani, ukikohoa, ukimwita mtu, uzi mmoja mahali fulani ukutani unakuitikia, chini kwa chini, kama mtu anayenung'unika usingizini. Dada alipokuwa mzima tuliufanya mchezo. Anasimama mlangoni, anasema neno, ananyoosha kidole juu, na sote tunasikiliza ukuta. Alipougua kifua, kikohozi chake kilipenya kutoka chumba cha kulala, na magitaa yakawa yanakiitikia kikohozi. Baada ya mazishi shemeji alichana shuka vipande vipande, akavipitisha chini ya nyuzi za kila gitaa ili zinyamaze. Nilimkuta katikati ya shughuli hiyo. Nilishika mkasi nikamsaidia.

Sauti ya dada haikubaki popote. Mtu atashangaa, siku hizi ambapo kila mtu amehifadhi kelele zake kwenye simu. Dada hakupenda kutuma sauti. Alisema ni tabia ya wavivu wa kuandika. Simu yake ilidondoka kwenye ndoo ya maji wodini, ikafa kabla yake. Video ya harusi ipo, lakini aliyeipiga aliweka kinanda juu ya kila kitu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dada anafungua mdomo kula kiapo, kinatoka kinanda. Nimeitazama mara nyingi nikimlaani yule mpiga video, na nitaendelea kumlaani. Sura ya dada ninayo mpaka kesho. Sauti ilianza kunitoka taratibu, na kila nilipojaribu kuikumbuka niliisikia yangu.

Najua na shemeji ilimtoka, kwa sababu aliniambia. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, redio imezimwa. Alisema anaweza kukumbuka kila gitaa lilivyolia siku aliponunua, lakini hakumbuki mke wake alivyokuwa akiita jina lake. Akasema angetoa chumba kizima, na vyote vilivyomo, amsikie mara moja tu akimwita, hata kwa ugomvi. Na mimi ningetoa.

Basi ikawa mwaka wa pili tangu msiba, kinyozi mmoja akampigia simu.

Kinyozi huyu ni mwenzake wa magitaa, ila yeye anapiga kwelikweli. Ana kibanda cha kunyolea karibu na soko la mitumba, na pazia nyuma yake ambako huweka gitaa lake na vifaa vyake. Dada alipozidiwa, shemeji aliuza baadhi ya vitu haraka haraka kwa yeyote aliyetokea, na kinyozi alichukua mashine kuukuu ya mwangwi iliyokuwa stoo, juu ya makabati, chini kabisa ya bati. Ilikuwa haijawashwa kwa muda mrefu. Haikusafishwa wala kujaribiwa. Waliuziana kama vipuri, kila mmoja akashika njia yake.

Sharti niieleze mashine yenyewe, nanyi mnivumilie, kwani nimeelezwa mimi mara ngapi. Ni sanduku la chuma lenye mkono wa kubebea. Ndani kuna utepe, ule ule wa kaseti za zamani, umeungwa ncha kwa ncha ukawa mduara, nao unazunguka. Unapozunguka unapita kwenye vichuma vidogo, mafundi wanaviita hedi. Hedi ya kwanza inafuta kilichokuwapo. Ya pili inaandika unachopiga. Ya tatu inasoma kilichoandikwa na kukurudishia, sauti ikifuatia sauti, kama uko ndani ya kisima. Utepe ukimaliza duara unarudi kwenye ile ya kufuta, unafutwa, mambo yanaanza upya. Kwa hiyo mashine hiyo haikumbuki kitu zaidi ya mzunguko mmoja. Ndivyo ilivyoundwa.

Ya kinyozi ilikuwa inakumbuka. Alimweleza shemeji kwa simu, kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba amemwona jini. Alipoichomeka mara ya kwanza haikumpa mwangwi wowote. Ilimpa mwanamke. Kila utepe ulipomaliza mzunguko, mwanamke aliita, akanyamaza, akaita tena. Kinyozi alidhani ni masalio ya muziki wa mtu, au wimbi la redio limepotea njia. Akataka kuitupa, hakuthubutu. Akaizoea. Hakusema kwa mtu, maana kinyozi akianza kusema anasikia sauti, nani atampa kichwa chake na wembe? Mpaka wiki ile, mwenzao mmoja alipomtajia kwamba Fundi Meno alifiwa na mkewe, na kinyozi akahesabu miezi, akapiga simu. Aliuliza jambo moja.

"Fundi, samahani kwa hili. Marehemu alikuwa akikuita 'wee bwana'?"

Shemeji alitoka maabara na koti lake la vumbi la waridi, akaja moja kwa moja ofisini kwetu, akapita foleni yote. Watu walimzomea. Aliinama kwenye tundu la kioo changu. "Shemeji, funga dirisha," alisema. "Kuna mtu ana sauti ya dada yako." Nilifunga. Bosi wangu hajanisamehe mpaka leo.

Kwenye kibanda tulimkuta kinyozi na mteja mmoja kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Kinyozi alimwomba radhi, akatupeleka nyuma ya pazia. Mashine ilikuwa juu ya kigoda, taa yake nyekundu inawaka. Ilinuka vumbi la moto. Kinyozi alitutazama kwanza, kama daktari kabla ya kutoa majibu, akageuza kitufe, na utepe ukaanza kwenda. Kwa kitambo kulikuwa na mvumo tu. Kisha dada yangu akasema:

"Wee bwana, njoo ule, nimeshapakua."

Ikafuata kifuniko cha sufuria, kikiwekwa mezani. Mvumo. Halafu tena, vilevile, na uchovu uleule kwenye neno "bwana", uchovu wa mtu ambaye ameshaita na anajua ataita tena. Ilikuwa sauti yake yote. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, na puani kidogo, na nilitambua kwamba nilikuwa nimeshaanza kumtengenezea sauti nyingine isiyokuwa yake. Nilikaa chini sakafuni kwenye nywele za watu. Shemeji alisimama ameshika pazia kwa mikono miwili. Yule mteja wa nusu kichwa alingoja kwenye kiti chake muda wote tuliokuwa pale.

Kisha shemeji alitueleza. Jioni moja, zamani, dada akiwa mzima, alikuwa akiijaribu ile mashine kwa kipaza sauti. Dada akamwita kutoka mezani. Kwa kawaida angeitika, akabaki, akaitwa mara ya pili na ya tatu, mpaka chakula kikapoa na ugomvi ukawaka. Siku hiyo, sijui kwa nini, alizima mashine papo hapo akaenda kula. Wito ukabaki kwenye utepe. Angechelewa kidogo tu, utepe ungezunguka na kumfuta. Kisha mashine ikakaa stoo, joto la bati likayeyusha gundi ya kiungo cha utepe, gundi ikaganda juu ya hedi ya kufuta na ile ya kuandika. Utepe ukawa unapita juu ya uchafu bila kuzigusa. Iliyobaki bila gundi ni ile ya kusoma. Mashine ikawa haiandiki wala haifuti, inasoma tu, na cha kusoma kilikuwa kimoja.

Kinyozi hakutaka chochote. Aliifunga mashine kwa taulo safi la dukani kwake, akaomba tu aruhusiwe kuja kumsalimia mama siku moja moja. Alisema "mama", kwa heshima, kama mtu aliyekaa naye nyumba moja. Shemeji alimkumbatia, na shemeji si mtu wa kukumbatia.

Nilimwambia hapohapo tuirekodi kwa simu yangu. Aliniangalia kama nimesema tumzike dada kwenye kiroba. Kwa simu, akasema, na mkwaruzo wote ule, atasikika kama yuko ndani ya pipa. Atafanya vizuri. Jumamosi hana kazi. Ataisafisha ile hedi ya kusoma, ile tu, atachomeka waya kwenye kompyuta, atamchukua dada akiwa safi, halafu atanitolea nakala na mimi. Nilikubali. Na mimi nilimtaka akiwa safi.

Siku zile za katikati nilipita kwake kila nikitoka kazini. Nilichokuta jioni ya kwanza kilinisimamisha mlangoni. Alikuwa ameng'oa vitambaa vyote kwenye nyuzi. Mashine inazunguka, amplifaya imefunguliwa kidogo, yeye ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba. Dada akaita kwamba ameshapakua, na ukuta mzima ukamwitikia, jekundu, jeusi, lile la rangi ya samli, kila moja kwa mnong'ono wake. Kisha kifuniko cha sufuria, nao ukaitikia kifuniko. Nilitaka kuondoka, na wakati huohuo nilitaka nisiondoke kamwe, kwa hiyo nilikaa. Tulikaa hivyo. Aliita, tukamsikiliza, akaita. Siwezi kusema nilikuwa na furaha. Ilikuwa kama kukaa na mtu aliye upande wa pili wa mlango ambao hauna kitasa.

Jumamosi mchana nilikwenda nimevaa vizuri, sijui kwa nini, labda kwa sababu niliona ni kama kwenda kumpokea. Shemeji alikuwa ametandika taulo mezani, ametoa kifuniko cha mashine, amepanga vitu vyake: chupa ya spiriti, vijiti vya pamba, ile taa ya kichwani anayotumia maabara. Waya wa kompyuta ulikuwa tayari. Alinionyesha kwa ncha ya kijiti. Hii ya kusoma, nitaisafisha. Hizi mbili zenye gundi, haziguswi. Alirudia hivyo, haziguswi, nami nikaitikia kwa kichwa.

Alikuwa mchangamfu siku ile. Sikuwa nimemwona hivyo tangu kabla ya ugonjwa. Alianza kunisimulia jinsi dada alivyolipokea gitaa la kwanza kabisa: alilikuta kitandani, upande wake wa kulala, akalifunika blanketi, akaenda kulala sebuleni, na asubuhi akamwuliza mume wake kama bibi mdogo amelala salama. Shemeji alicheka mpaka taa ya kichwani ikawa inacheza ukutani. Akalowesha pamba, akasugua hedi ya kusoma, pamba ikatoka kahawia. Akaitupa kwenye sahani, akachukua nyingine, akalowesha, akasugua, huku akisimulia. Pamba ikatoka nyeusi. Akachukua nyingine. Mikono ile imesafisha vitu kwa mpangilio huohuo tangu ujana wake, kutoka kulia kwenda kushoto, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa nikimtazama usoni, kwa sababu dada alikuwa mle usoni mwake.

Alipomaliza alipuliza, akafuta vidole, akarudisha utepe mahali pake. Akaniomba nibonyeze cha kurekodi kwenye kompyuta. Nikabonyeza. Akageuza kitufe.

"Wee bwa," alisema dada.

Hakumaliza. Ulikuja mvumo, halafu hata mvumo ukapungua. Tulingoja utepe uzunguke. Nilidhani tumekosea waya. Utepe ukazunguka, tukaona kiungo chake kikipita, kikapita tena, na kutoka kwenye amplifaya hakukutoka kitu, hata mkwaruzo. Ilikuwa mashine safi kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Shemeji aliokota vijiti vya pamba kwenye sahani, akavitazama kimoja kimoja. Vya mwisho vilikuwa na gundi, nzito, ya rangi ya asali iliyoungua.

"Nimemfuta," alisema. "Shemeji, nimemfuta kwa mkono wangu."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia kuhusu kijiko chake na leso yake, kuhusu maisha yake yote ya kusugua vitu vya watu mpaka vikose mwenyewe. Nilimwambia simu yangu ilikuwa mfukoni siku ile, mfukoni. Alizima mashine, akaondoa taa kichwani, akaanza kurudisha skrubu za kifuniko, na hilo ndilo lililonitoa nje. Nilibamiza mlango mpaka magitaa yakalia.

Sikwenda kwake kwa muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifaa, ilinishughulisha. Lakini nikiwa dirishani, foleni ikitulia, niliisikia ile "wee bwa" kwenye tundu la kioo, na kila mara nilinyanyua kichwa. Nikaanza kufikiri kwamba na yeye ananyanyua kichwa, peke yake mle ndani, na nikaona aibu. Ila aibu haikutosha kunipeleka.

Aliyenipeleka ni kinyozi. Alikuja kulipia maji ya kibanda, akanitambua, akaniuliza mama hajambo. Nilimwambia kupitia tundu kwamba amefutika, na foleni nyuma yake inasikia. Alishika ukingo wa dirisha. Wa nyuma yake akaanza kumsukuma. Ndipo akasema Jumapili atakwenda kumwona fundi, na kwamba ingekuwa vyema tuongozane.

Tulikwenda mchana. Shemeji alikuwa amekonda. Alitukaribisha kwa adabu, akatuletea soda, akatupeleka kwenye chumba chake kwa kuwa hakujua pengine pa kumpeleka mtu wa magitaa. Vitambaa vilikuwa vimerudishwa kwenye nyuzi. Mashine ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kwa lile taulo la kinyozi. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, mikono magotini. Mimi nilisimama mlangoni nikitafuta jinsi ya kuomba msamaha. Nilipoomba, alisema nilisema kweli, na hiyo iliniumiza kuliko angenitukana.

Kinyozi aliweka soda chini. Alitundua lile gitaa jekundu, akavuta kitambaa chini ya nyuzi, akakikunja na kukiweka mfukoni. Akalichomeka kwenye amplifaya ndogo, bila pedali, bila mashine yoyote. Akakaza nyuzi. Akaanza kupiga, taratibu, wimbo usio na jina, wa mtu aliyezoea kujipigia mwenyewe mchana wateja wanapokuwa hawapo. Ulikuwa mzuri. Nilifikiri, kumbe magitaa haya yanaweza.

Halafu akasimama katikati ya wimbo. Kiganja kilituliza nyuzi, kichwa kiliinama upande, na chumba kikawa kimya. Nilidhani amesahau. Akaendelea, kana kwamba hakuna kilichotokea. Akapiga kipande kingine, akasimama tena, kichwa upande uleule. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa. Muda wote ule nyuma ya pazia lake, kila siku, alikuwa akipiga na dada yangu, na dada alipoita, yeye alinyamaza, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyonyamaza mwenzake akisema. Mikono yake haikujua tena kupiga bila kumwachia nafasi. Sidhani hata kama alijua anafanya hivyo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Alipotuliza nyuzi tena nilisema yale maneno ya dada moyoni, na yalienea katika ule ukimya, yote, mpaka kifuniko cha sufuria.

Shemeji alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama kinyozi, kisha akatazama mlango, lakini hakunitazama mimi niliyekuwa mlangoni. Wimbo ukaendelea. Ulipofika mahali pale na kinyozi akanyamaza, shemeji alinyanyuka. Nilimpisha. Alipita kando yangu, akaenda ukumbini, nikasikia bomba la maji likifunguliwa. Alikuwa ananawa mikono. Kisha kiti kikaburutwa.

Nilimfuata. Kwenye meza ya chakula hapakuwa na sahani wala kitambaa. Alikuwa ameketi mahali pake, mikono inadondosha maji, amegeukia mlango wa jikoni.